Waranti ya injini: usiguse nati kabla hujaongea na kampuni iliyokupa

Injini ikianza kugonga ama taa ya oili ikiwaka ukiwa Mombasa Road, zima hapo hapo uite brekidauni, usijikaze eti ufike nyumbani, maana hizo kilomita chache za mwisho ndizo watakukatalia nazo. Na tafadhali usikimbilie Grogan, kule kwa mafundi wa magari Nairobi, fundi afungue. Pigia kampuni ya waranti kwanza, wakupe idhini kwa maandishi, hata WhatsApp ni sawa. Mimi walinikatalia juu sampu, ile trei ya oili chini ya injini, ilikuwa ishatolewa na oili ishamwagwa, hakuna kitu cha kukagua, na iliniuma sana.

Risiti za sevisi, zile zinaonyesha kilomita na aina ya oili, zipige picha mapema kwa sababu maandishi yake hufifia karatasi ikabaki nyeupe kabisa.

Wakikataa, waulize ni kifungu gani cha mkataba, wakuandikie. Wakizidi kukuzungusha peleka kesi Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani, Nairobi, dai lisizidi shilingi 1,000,000, si lazima uwe na wakili, na sheria inataka iamuliwe ndani ya siku 60.