Namna ya Kuitafuta, Ukiwa Mwanza, Njia ya Asteroidi Inayotangulia Dunia

Asteroidi 2010 TK7, mwamba wa angani wenye upana wa takriban mita 300, hulizunguka Jua kwa mwaka mmoja kama Dunia, huku ikiyumba kandokando ya nukta iliyo nyuzi 60 mbele yetu katika njia hiyohiyo. Ni hafifu mno kwa macho na hata kwa darubini ndogo, kwa hiyo anayeahidi kukuonyesha asteroidi yenyewe anakudanganya. Nukta ambayo asteroidi hiyo huyumba kandokando yake, hata hivyo, huonyeshwa kwa kidole, na kipimo ni ngumi yako tu.

Chagua alfajiri ya tarehe 24 hivi ya mwezi wa Kiislamu, ikiwezekana wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, ambapo mawingu hupungua. Simama ufukweni, kwa mfano Capri Point, ukiyapa kisogo maji na taa za wavuvi wa dagaa, ambao nao hupenda usiku wa giza. Vilima vya mashariki visikusumbue, kwa sababu unachokitafuta kitakuwa juu sana.

Nyoosha mkono mbele kabisa na ufumbe vidole: upana wa ngumi ni nyuzi 10 hivi. Jua likichomoza, hesabu ngumi sita kutoka pale lilipotokea, bila kulikodolea macho, ukifuata mstari wa buruji na sayari, yaani njia ambayo Jua, Mwezi na sayari hupitia angani, ambao kwa kawaida huinama kidogo badala ya kupanda wima. Ukitaka kupima nyota zikiwa bado zinaonekana, anza saa moja kabla ya macheo. Wakati huo Jua liko nyuzi 15 hivi chini ya upeo, kwa hiyo hesabu ngumi nne na nusu tu kutoka upeo wa macho.

Hapo, au karibu sana, utaukuta Mwezi, robo ya uso wake iking'aa. Ndiyo sababu ya kuchagua tarehe hiyo: Mwezi nao uko nyuzi 60 kutoka Jua, ingawa uko umbali wa kilomita 384,000 hivi, ilhali nukta iko kilomita milioni 150, sawa na umbali wetu na Jua, kwa kuwa Jua, Dunia na nukta hufanya pembetatu yenye pande sawa. Dunia itafika ilipo nukta hiyo sasa baada ya miezi miwili hivi, na nukta itakuwa imekwisha kusogea mbele kwa kiasi kilekile.