Mabwawa ya majitaka huku kwetu kwenye baridi: yapimeni kwa mwezi wa saba

Wakuu wa Njombe, Makete, Mufindi na Rungwe, shule za bweni na zahanati nyingi sasa hivi zinajenga vyoo vya maji, halafu majitaka yanaishia kwenye shimo linalojaa kila mara au yanachuruzika mpaka kwenye vinyungu vya watu, yaani bustani za bondeni. Kama eneo mnalo, mabwawa ndo njia nafuu, hayali umeme wala dawa, kazi yote inafanywa na jua, upepo na vijidudu. Ila kama bado mnatumia vyoo vya shimo vya kawaida achaneni nayo kwanza, maji ya kusukuma uchafu kwenye bomba hamtakuwa nayo.

Sasa ukubwa, hapa ndo naomba tuelewane. Vijidudu vikipata baridi vinafanya kazi polepole, so bwawa linapimwa kwa mwezi wenye baridi kuliko yote, sio kwa Disemba. Chukua watu 500. Kama wastani wa mwezi wa baridi ni nyuzi 25, bwawa kuu, lile linalofanya sehemu kubwa ya kazi, linataka mita za mraba kama 600, lakini kwetu ukishuka hadi nyuzi 15 linataka kama 1,200, yaani mara mbili! Kwa hiyo mtu akiwaletea mchoro wa Dar msikubali hata kama ni bei rahisi, Juni na Julai litawazidi, litakuwa jeusi na kijiji kizima kitanuka.

Hilo bwawa kuu lina kina cha mita 1 na nusu hivi, na majitaka yanakaa humo wiki kadhaa. Baada yake weka jingine au mawili ya kina cha mita moja kwa ajili ya kuua vimelea. Wengine wanaweka jingine kabla ya bwawa kuu, lenye kina kirefu, mita 3 na zaidi, hilo linapunguza eneo ila linanuka likizidiwa, kwa kijiji kidogo mimi ningeliacha. Kaeni angalau mita 200 kutoka kwenye nyumba, na mahali pawe chini ili maji yashuke yenyewe.

Chimba shimo la majaribio, jaza maji uone yanazama kwa kasi gani. Udongo ukiwa wa kichanga shindilia mfinyanzi au tandika plastiki nene, maana visima na chemchemi zetu ziko huko huko bondeni. Mikaratusi ikae mbali, mizizi inapasua kingo, tena inaziba jua na upepo. Na kabla ya kumwaga chochote mtoni nendeni bodi ya maji ya bonde mkaombe kibali, RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilayani watawaelekeza.

Kuanza, jaza bwawa kuu maji safi kwanza, mwani uote maji yawe kijani ndo ufungulie majitaka taratibu. Kijani ni dalili nzuri, yakigeuka kijivu, meusi au ya pinki ujue limezidiwa. Bomba la kutoka lichukue maji sentimita 60 hivi chini ya uso, mwani mwingi unakaa juu.

Matunzo ni kazi ya mtu mmoja ila awe analipwa jamani, msimwachie mlinzi wa shule kama hisani. Anafyeka nyasi za kingoni kwa sababu ndo mbu wanazaliana hapo, anaopoa utando unaoelea, anaangalia chemba hazijaziba. Uzio ni lazima, watoto wataenda tu kucheza.

Maji ya mwisho yanaweza kumwagilia miti au mahindi, ila mboga za kula mbichi hapana mpaka yapimwe maabara. Tope la bwawa kuu linachukua miaka mingi kujaa, likitolewa likaushwe na likae muda mrefu kabla ya kwenda shambani, mayai ya minyoo hayafi haraka.