Neno refu la Kiingereza: lianze kwa mkia

Chukua University Way, barabara ya hapa katikati ya Nairobi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi unataka kusema u-ni-ver-SI-ty. Kiingereza ni u-ni-VER-si-ty. Wanafunzi wangu wa jioni, wengi wao mafundi na walinzi, hujikwaa papo hapo.

1. Hesabu silabi kwa sikio. Weka kiganja chini ya kidevu, sema neno polepole, uhesabu kidevu kinaposhuka. Usiamini herufi: Wednesday ina herufi tisa na silabi mbili tu.

2. Tazama mkia. Hapa usikimbie. Maneno yanayoishia na -ic, -tion au -cian kwa kawaida hutiwa mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, sawa na Kiswahili, kwa hiyo hayo unayo tayari. Yenye matata ni -ity na -graphy: yanataka ya tatu kutoka mwisho. Fundi wa umeme anayejiandaa kwa usaili, mimi humwambia ayaseme haya mfululizo, akipiga meza kwenye silabi nzito:

e-LEC-tric
e-lec-TRI-ci-ty
e-lec-TRI-cian

Sikiliza pia c ya pili: kwanza ni k, halafu s, mwisho sh. Wapo watoro, bila shaka. Politics, neno lisilokauka midomoni mwa watu wa Nairobi, lina mkazo mwanzoni: POL-i-tics.

3. Legeza silabi nyepesi. Sisi hutamka kila irabu waziwazi. Kwa Kiingereza, irabu isiyo na mkazo mara nyingi humezwa. -Cian inabaki kama shen fupi.

4. Sasa kata mbele, upate maana. Un-pre-DICT-a-ble: un- inakanusha, pre- ni kabla, dict imetoka Kilatini, kusema, na -able inafanya kazi ya -ika yetu. Lisilotabirika. Ila hakikisha kinachobaki ni neno. Uncle haina un- yoyote ndani yake.

5. Hakiki kwenye kamusi. Katika kamusi nyingi, kijistari kidogo cha juu hutangulia silabi yenye mkazo. Kisha litumie neno katika sentensi utakayoihitaji kweli: I am a qualified electrician. Mkazo ukiteleza, rudia neno peke yake, na meza uipige tena.