Uhaini, usaliti au uasi: namna ya kuchagua neno kabla hujaandika

Kabla hujaandika kwamba mtu ni mhaini, tafuta kwanza amana aliyoivunja. Asili ya neno inadai hivyo. Limetoka kwenye Kiarabu, khain, yaani mwenye kufanya khiyana, na khiyana ni kinyume cha amana. Aliyesoma madrasa Mikindani au Kilwa Kivinje analijua kutokana na hadithi ya alama za mnafiki: akiaminiwa, hufanya khiyana. Humo nchi haikutajwa. Mali au siri ya mtu inatosha. Kiswahili kiligeuza kh kuwa h, kama khabar ilivyokuwa habari na khatar ikawa hatari, kikaweka m- kwa mtu na u- kwa tendo. Baadaye lugha ya serikali na mahakama ikalibana neno liwe la dola. Maana pana ya zamani imebaki kwa ndugu yake, hiana.

Swali la kwanza: aliyekosewa ni nani? Akiwa mke, rafiki, chama au timu, andika usaliti. Mchezaji akitoka Namungo ya Ruangwa kwenda kwa wapinzani, mashabiki watamwita msaliti, sawa; mhaini hapana. Ukisoma maandishi ya kale, kumbuka kwamba kusaliti kulikuwa pia kuchonganisha watu.

Akiwa dola, kuna swali la pili ambalo wengi hulivuka: mtu huyo alikuwa na utii kwa dola hiyo? Kifungu cha 39 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kinamhusu aliye chini ya utii wa Jamhuri ya Muungano. Hapo ndipo historia ya kusini huharibiwa na kalamu. Machemba, aliyetawala nyanda za Makonde, alimwandikia Wissmann, kamishna wa Wajerumani, barua ya Kiswahili mwaka 1890 akikataa kumtii. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa mwaka 1895, na miaka 10 baadaye Maji Maji ikaanza Nandete. Machoni pa Mjerumani wote hao walikuwa waasi. Lakini utii ambao mtu hajautoa atauvunjaje? Waandike kuwa wapinzani wa ukoloni, au wapiganaji, na kama lazima utumie neno la mkoloni, sema ni la nani.

La tatu ni tendo. Kumuua au kujaribu kumuua Rais, kuipiga vita Jamhuri, kuambatana na maadui zake: huo ndio uhaini. Kupinga bomba la gesi, kama Mtwara mwaka 2013, ni upinzani. Mawe na moto vikiingia, ni vurugu. Maneno ya kuwasha chuki dhidi ya serikali hushtakiwa kama uchochezi. Askari wakigomea amri, kama wanajeshi wa Tanganyika mwaka 1964, hayo ni maasi.

Anayeripoti mahakamani ana mitego yake. Adhabu ya uhaini ni kifo na kosa halina dhamana, kwa hiyo usiandike kwamba mshtakiwa "amenyimwa dhamana", kana kwamba hakimu alikuwa na hiari. Kosa la waandishi linalorudiwa zaidi ni kuandika "alikana shtaka" siku ya kwanza. Mahakama ya hakimu haina mamlaka ya kusikiliza uhaini. Mshtakiwa husomewa tu, hatakiwi kujibu, na shauri lenyewe ni la Mahakama Kuu. Andika "alisomewa shtaka la uhaini, hakutakiwa kujibu".

Hadi hukumu itoke, yeye ni mshtakiwa wa uhaini. Ikishatoka, taja hukumu pamoja na kilichofuata. Ukimtaja Bibi Titi Mohamed, mpigania uhuru wa Tanganyika, kwa mfano, haitoshi kusema alipatikana na hatia ya uhaini mwaka 1971. Ongeza kwamba aliachiwa kwa msamaha wa Rais mwaka 1972.