Kuyeyusha enameli kwenye hereni za shaba bila tanuri

Enameli ni kioo kilichosagwa kikawa unga, kikatiwa madini ya kukipa rangi, ambacho kikipata joto la nyuzi 750 hadi 850 za Selsiasi huyeyuka na kushikamana na shaba iliyo chini yake. Shaba yenyewe haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 1085, na katika nafasi hiyo iliyo kati ya viwango viwili ndimo inamofanyika kazi yetu yote. Wengi wanaonijia hapa Tabora kujifunza huuhofia moto kwa kuwa hawana tanuri la umeme. Mimi huwaambia kuwa moto ndio sehemu nyepesi, kwani vipande vingi nilivyovitupa viliharibika kabla gesi haijawashwa au baada ya kuzimwa.

Hatua ya kwanza: kupata shaba na kuikata

Tafuta shaba nyekundu tupu, ile ambayo wanunuzi wa vyuma chakavu huiita kopa, yenye unene wa kati ya milimita 0.5 na 1. Shaba ya njano iache, kwa sababu ina zinki ndani yake na enameli hubanduka hata kama siku ya kwanza ilionekana imeshika. Mimi hununua mabaki ya bomba kwa mafundi wa majokofu, nikayaosha kwa sabuni kuondoa mafuta, nikayapasua kwa urefu, nikayapasha moto mpaka yakawa mekundu ili yalainike, kisha nikayanyoosha kwa nyundo. Sehemu yoyote iliyowahi kulehemiwa huikata na kuiweka kando, maana mabaki ya ulehemu huichafua enameli. Shaba si mgeni kwa watu wa huku: katika karne ya 19 Msiri, aliyetokea upande wetu wa Unyamwezi, alijijengea utawala Katanga kwa biashara ya shaba na pembe za ndovu.

Ukishakata umbo, toboa tundu la ndoano papo hapo, kwa kuwa ukisubiri utoboe baada ya kuchoma utapasua kioo. Piga tupa kingo zote, halafu bonyeza kipande kidogo kiwe na tumbo kama la kijiko, kwani bati lililo bapa kabisa hupinda motoni.

Hatua ya pili: kusafisha

Hapa usiwe na haraka. Pasha kipande mpaka kiwe chekundu, kitumbukize majini kikiwa bado kitupu, kisha kiloweke katika maji ya moto ya ukwaju mzito uliotiwa chumvi kidogo mpaka weusi utoke. Ndimu na chumvi hufanya kazi hiyo hiyo, lakini ukwaju kwetu ni rahisi kuupata na hauniwashi vidole vyenye mikwaruzo. Bakuli liwe la kioo au la plastiki, na usitie humo kibano cha chuma. Baada ya hapo sugua kwa msasa laini na sabuni, suuza, kisha kitazame: maji yakitanda juu ya shaba yote kama utando mmoja, kipande ni safi, yakijikusanya matone matone, bado kina mafuta, na ni lazima urudie. Kuanzia hapo kishike kingoni tu, kwa sababu alama ya kidole kimoja inatosha kuacha doa ambalo enameli haitalishika.

Hatua ya tatu: kunyunyiza unga

Nunua enameli iliyotengenezwa kwa ajili ya shaba na isiyo na madini ya risasi. Zamani nilijaribu kusaga chupa ya kijani, na hereni zikatoka motoni zikiwa na mng'ao wa kupendeza, kisha zikajaa nyufa kabla ya alfajiri. Sababu ni kwamba shaba inapopoa husinyaa karibu mara mbili ya kioo cha chupa, ilhali enameli ya shaba huundwa makusudi ili kusinyaa kwake kukaribiane na kwa shaba.

Vaa barakoa inayozuia vumbi laini, fanya kazi mbali na vyombo vya chakula na watoto, na usinyunyize penye upepo. Pakaza kipande maji yenye gundi nyepesi ya mgunga iliyochujwa, halafu nyunyiza unga kwa chujio la chai lililovikwa soksi nyembamba ya nailoni, mpaka usiione shaba tena. Zibua tundu kwa sindano. Acha kipande kikauke kabisa, kwani unyevu uliobaki hugeuka mvuke na kuurusha unga au kuacha vishimo.

Anza na upande wa nyuma. Wanafunzi wangu hupenda kuuruka wakidhani hauonekani, na mimi mwenyewe niliwahi kuuruka katika hereni za bibi harusi mmoja. Moja ilimeguka shavuni mwake kabla ya keki kukatwa. Kioo kikiwa upande mmoja tu, shaba hukivuta inaposinyaa mpaka kikapasuka. Kikiwa pande zote mbili, mivuto hiyo husawazishana.

Hatua ya nne: moto

Kaa kivulini, kwa sababu katika jua la mchana huwezi kuona wekundu wa shaba, na kuona huko ndicho kipimajoto chako. Mtungi wa gesi uwe mbali na mwali, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Weka kipande juu ya wavu wa chuma cha pua uliokaa kwenye miguu mitatu mfano wa mafiga, kisha elekeza mwali kutoka chini, ncha ya koni ya buluu ikigusa wavu. Mwali ukipita juu moja kwa moja hupeperusha unga na kuchafua rangi.

Tazama bila kupepesa. Kwanza unga hufanya weusi, kisha huwa kama sukari iliyolowa, halafu hupata mawimbi kama ganda la chungwa, na mwishoni hulainika na kung'aa kama maji huku shaba ikiwa nyekundu. Ondoa moto hapo hapo. Kipande cha kipenyo cha milimita 25 hunichukua takriban dakika moja na nusu hadi mbili. Kingo zikigeuka kijani au nyeusi, umepitiliza.

Safisha weusi wa upande wa mbele kwa ukwaju, kisha rudia kazi yote kwa rangi unayoitaka. Rangi angavu, yaani zinazopitisha mwanga, zitie juu ya enameli nyeupe au isiyo na rangi, la sivyo shaba itazifubaza. Tabaka mbili au tatu nyembamba ni bora kuliko moja nene.

Hatua ya tano: kupoza

Usitie majini, usipulize, wala usikiweke juu ya saruji baridi. Mimi hukiacha pale pale juu ya wavu, nikakifunika kwa kopo kavu ili upepo wa kiangazi usikifikie. Kikipoa, sugua kingo kwa msasa uliolowa, lakini ndoano sitii siku hiyo. Kipande hulala mezani usiku mzima, na ikiwa kimelia "tik" hata mara moja, asubuhi hukitafuta ufa kwa kioo cha kukuzia kabla hakijapata bei.