Kitabu kipya cha spektroskopia au polima, kikague hivi kabla hujatoa hela

Vitabu vya kemia ya uchambuzi, spektroskopia (kuchunguza vitu kwa mwanga) na polima (molekuli ndefu kama minyororo, mfano plastiki) ni bei mbaya sana, na kila mara linatoka toleo jipya lenye jalada linalong'aa, kwa hiyo kabla hujatuma hela fungua zile kurasa chache ambazo wachapishaji au Google Books wanakuachia usome bure, halafu anza kukagua.

Utangulizi uruke, pale kila mwandishi anajisifia. Nenda penye maana ya moli, kile kipimo cha idadi ya chembe. Tangu tarehe 20 Mei 2019 moli moja ni chembe 6.02214076 × 10²³ kamili, basi, maana ya zamani, idadi ya atomu kwenye gramu 12 za kaboni-12, imebaki historia. Kitabu cha 2024 kikikupa ile ya kaboni kama maana rasmi ya leo, ujue hapo walichobadili ni jalada. Cha polima angalia uwiano wa Mw kwa Mn (Mn ni wastani wa kawaida wa uzito wa minyororo, Mw ni wastani unaoipa minyororo mizito nguvu zaidi): tangu 2009 IUPAC, umoja wa kimataifa wa kemia, wanapendekeza uitwe dispersiti, alama Đ, badala ya jina la zamani PDI. Kuitaja PDI sio dhambi, makala kibao bado zinaitumia, ila mwandishi ambaye Đ haijui kabisa mimi ananitia wasiwasi.

Sasa njoo kwenye michoro ya infraredi, ile inayoonyesha kwa vilele molekuli inafyonza mwanga wa infraredi wapi (namba zake ni za cm⁻¹), hapa usiwe na haraka. Tafuta ya polistaireni, ambayo filamu yake maabara nyingi hukagulia mashine. Lazima uone kilele karibu na 1601 cm⁻¹ cha pete ya benzini, vingine vidogo juu kidogo ya 3000, na kile kirefu karibu na 698. Halafu ilinganishe na poliethilini, ile ya mifuko ya rambo: hiyo haina pete, kwa hiyo 1601 huioni, unaona viwili virefu karibu na 2915 na 2848 na kingine karibu na 720. Kitabu kizuri kinakwambia kila kilele kimetoka sehemu gani ya molekuli, na hakifichi uchafu kama ule wa karibu na 2350 ambao ni kaboni dioksaidi ya hewa ya chumbani, maana ukikaa kwenye mashine utakutana nao tu, na kama hujawahi kuuona utadhani ni kitu kipya kwenye sampuli yako.

Mazoezi nayo usiyaache. Chukua swali moja ulifanye mwenyewe, mfano minyororo ya 10,000 na ya 30,000 g/mol kwa idadi sawa: Mn ni 20,000, Mw ni 25,000, Đ ni 1.25. Jibu la nyuma ya kitabu likiwa tofauti na hesabu zako umezirudia na ziko sawa, angalia na la pili, likikosewa na lenyewe achana nacho. Kitabu kisicho na majibu kabisa kwa anayejisomea mwenyewe ni mateso, kwa kweli.

Na kama hela inatosha kitabu kimoja tu, chukua chenye maelezo marefu na majibu hata kama michoro ni michache, kwa sababu michoro ya ziada iko bure mtandaoni, NIST Chemistry WebBook ya Marekani na SDBS ya Japani, unaandika jina la kemikali inakuja.