Mkono kwa Mkono Majini: Zoezi la Wawili kwa Walimu wa Kuogelea

Mwalimu wa kuogelea akishakuwa mzoefu, mwili wake huzoea mwendo mmoja. Anaogelea vizuri, ila ni vilevile kila siku. Mwanafunzi akimwambia, "Mwalimu, nionyeshe polepole," anapunguza mkono, miguu inazama, na anachoonyesha si kile alichokuwa akikifundisha. Zoezi la wawili kuogelea kwa mpigo mmoja ndilo dawa ninayoijua. Hapa Tanga tunalifanya Raskazone, baharini. Mwenye bwawa ana bahati zaidi.

Wenzetu wanaofundisha ski, yaani kuteleza kwenye theluji kwa mbao ndefu miguuni, wana desturi hii. Kwenye kongamano lao la Interski, lililoanza mwaka 1951 huko Zürs, Austria, timu za nchi mbalimbali huteremka mlima zimejipanga, zikikata kona kwa pamoja. Mtazamaji anaona maonyesho. Aliye ndani ya mstari hana ruhusa ya kukata kona pale mwili wake unapopenda. Anakata pale mwenzake anapokata, kwa upana uleule. Udhibiti wa namna hiyo ndio tunaoutafuta majini, na wanaosema haya ni mbwembwe tu nadhani hawajajaribu.

Hatua ya 1: Chagueni maji

Ingieni maji yakiwa yamejaa na kutulia, siku za maji mafu (yanapopanda na kushuka kidogo) badala ya bamvua (yanapopanda na kushuka sana). Mkondo ukimsukuma mmoja kuliko mwingine, hamtajua kosa ni la nani. Saa ya maji kujaa husogea mbele kwa takribani dakika 50 kila siku: yakijaa leo saa nne asubuhi, kesho ni saa tano kasoro dakika kumi. Kusi ikivuma kwa nguvu, ahirisheni. Mtu wa tatu abaki nchi kavu na boya lenye kamba, pamoja na simu ya kurekodi. Asipopatikana, hakuna zoezi.

Hatua ya 2: Mmoja aongoze

Tumieni mtindo huru, ule wa kifudifudi mikono ikipokezana. Kasi ya muogeleaji ni umbali anaokwenda kwa kila mkono mara idadi ya mikono kwa dakika. Mrefu na mfupi wakienda sambamba, kwa kawaida mfupi hupiga mikono mingi zaidi. Sasa tunataka mikono ilingane na kasi ilingane, kwa hiyo lazima mmoja aache mwendo wake. Mimi huanza na mfupi kuwa kiongozi, maana mrefu kujibana ni rahisi kuliko mfupi kujinyoosha. Baadaye mnabadilishana, na hapo mfupi ndipo anapogundua kama anavuta maji kweli au anayapapasa.

Hatua ya 3: Anzeni kwa kutazamana

Muwe bega kwa bega, mikono ikinyooshwa pembeni isigusane. Usikae nyuma ya miguu ya mwenzako: maji ya pale hayana ukinzani mkubwa, utateleza tu na kujiona hodari. Wa kushoto avute pumzi upande wa kulia, wa kulia avute upande wa kushoto, kila mikono miwili. Hivyo mnaonana kila pumzi. Nendeni mita 25 hivi, mpumzike, mrudi. Siku ya kwanza inatosha.

Hatua ya 4: Mkono uleule

Kazi yenyewe iko hapa. Safari hii wote mnaanza na mkono wa kulia na kuvuta pumzi kila mikono mitatu, yaani mara kulia, mara kushoto. Mkigeuza uso kulia, wa kushoto anamwona mwenzake, ila wa kulia anaona bahari tupu. Ina maana mfuasi humwona kiongozi mara moja tu katika mikono sita. Mikono iliyobaki anaipiga kwa kuhisi.

Wengi huvunjika pale wasipoona. Mkono unaanza kukimbia, hasa baada ya pumzi, kwa sababu mtu akishapata hewa huona haraka ya kurudi. Mwenzangu aliwahi kuibuka akilalamika, "Kaka, unaniacha!" Nikamwambia, "Sikuachi, dada, ni wewe unayening'inia kwenye pumzi." Kichwa chake kilikuwa kinakaa juu muda mrefu, nyonga zinashuka, mkono wa mbele unazama kabla haujavuta. Akiogelea peke yake huwezi kulijua, maana anafika vizuri tu. Ubavuni mwa mtu lilionekana kabla hatujafika mbali.

Kiongozi naye asijione yuko likizo. Kazi yake ni kusomeka: mkono usiobadilika, hakuna kuongeza kasi kimyakimya. Mwalimu asiyesomeka na mwalimu mwenzake atasomekaje na mtoto wa darasa la tatu?

Hatua ya 5: Badilisheni mwendo bila kusema

Mkishalingana, kiongozi apunguze mikono katikati ya safari, kisha aongeze. Mfuasi afuate bila kuharibu mlalo wa mwili. Mwendo wa polepole ndio mgumu: tazama usawa wa nyonga, usitazame mikono.

Hatua ya 6: Tazameni picha

Punguzeni kasi ya video, muisimamishe pale vidole vya kiongozi vinapoingia majini. Vya mfuasi viko wapi? Vikichelewa kila mara upande uleule, kasoro iko kwenye pumzi au mzunguko wa bega la upande huo. Vikichelewa pande zote, ni miguu. Ila angalieni kwanza mfuasi asije akawa anaiga kosa la kiongozi. Wawili wanaweza kulingana vizuri kabisa katika mkono mbovu.

Msinogewe mkaongeza kupiga mbizi pamoja na kushindana kubana pumzi. Kuhema harakaharaka kabla ya kuzama kunaweza kumfanya mtu azimie chini bila dalili yoyote.

Hatua ya 7: Kwa wanafunzi

Asiyeweza bado kwenda mita 25 kwa utulivu asipewe zoezi hili. Ana mambo yake ya kuhangaikia. Anayeweza, mpange ubavuni mwako, hatua ya tatu tu, nawe uwe mfuasi. Mfuate mkono wake ulivyo, na makosa yake, kwa safari moja. Utayahisi kwenye bega lako mwenyewe, na utajua cha kumrekebisha kwanza.